Pindo la Agosti

Ufundi wa kupanga mazoezi ya marathoni, yaani mbio za kilomita 42.195, ili yapite katikati ya likizo ndefu bila kuivunja likizo wala kuvunjwa nayo, haujapata kusifiwa ipasavyo katika nchi inayosifu miguu ya wakimbiaji kuliko vichwa vya wanaowapangia siku. Katika ukanda unaoanzia njia panda ya Kanduyi, ambako barabara kuu ya Malaba hukutana na ile ya kuingia mjini Bungoma, na kupanda kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, ufundi huo ni wa lazima, kwa sababu kalenda ya mashindano na kalenda ya nyumbani hugongana mara mbili kwa mwaka. Mazoezi ya marathoni kwa kawaida huchukua majuma 16 hivi. Anayejiandaa kwa Boston, inayokimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, akihesabu kurudi nyuma hufikia siku za Krismasi na mwaka mpya; anayejiandaa kwa Nairobi, mwishoni mwa Oktoba, hufikia mwanzoni mwa Julai, na Agosti yote ikawa tumboni mwa mazoezi.

Kati ya likizo hizo mbili, ya Agosti ndiyo nzito zaidi Kanduyi, hasa katika miaka shufwa kama 2022 na 2024, ambayo ndiyo miaka ya tohara ya Wabukusu. Kijana anayesubiri kutahiriwa huwazungukia jamaa zake kuwaalika, mzunguko unaoitwa khuminya, akigonga chinyimba, yaani kengele za chuma, kwenye bangili alizovaa mikononi, huku ndugu, majirani na waimbaji wakimfuata. Mwendo huo ni mchakamchaka, nusu ngoma nusu mbio, unaopanda vilima na kuvuka vijito kutoka boma la shangazi hadi boma la khocha, yaani mjomba, ambako fahali huchinjwa na kijana akavikwa kipande cha nyama shingoni, kisha safari ya kurudi ikaanza kabla jasho la kuja halijakauka. Mwanariadha aliyerudi nyumbani hawezi kujiweka kando ikiwa aliyeshika chinyimba ni mdogo wake au mpwa wake, na mwalimu wa mbio anayeijua kazi yake hamtaki ajiweke kando. Anachofanya ni kuzihesabu saa hizo za mchakamchaka kuwa mbio ndefu za wiki, zile za mwendo wa pole zinazouzoesha mwili kutumia mafuta na kuvumilia saa nyingi njiani, kisha akazifuta mbio zilizoandikwa Jumapili.

Ratiba ya namna hiyo huachiwa pindo, kama gauni la mtoto anayekua. Katika majuma mawili au matatu ya sherehe hubaki kazi mbili tu za lazima kila wiki, moja ya kasi na moja ndefu, nazo hufanywa alfajiri kabla wageni hawajaamka, na siku nyingine huachwa wazi kwa mazungumzo, kuku na busaa. Hiyo ya mwisho, pombe ya nafaka ya sherehe, mwalimu mwenye busara huikemea kwa sauti ya chini, maana anajua kwamba anayeipokea kutoka mkononi mwa babu yake hana namna ya kuikataa. Mwinuko nao huingia katika hesabu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Kanduyi takriban mita 1,400, kwa hiyo anayeshuka kuja kwao hukuta hewa nzito yenye oksijeni zaidi, na likizo inakuwa nafasi ya kukimbia vipande vifupi kwa kasi ambayo Kitale ingemnyima.

Maabara zililifikia jambo hili la kubakiza kazi mbili tu kwa njia zao. Mwaka 1981 Robert Hickson na mwenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watu waliozoezwa siku sita kwa wiki walihifadhi uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa majuma 15 hata walipopunguziwa hadi siku mbili, ilimradi ukali wa kila zoezi ulibaki vilevile. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake wakaonyesha upande wa pili, kwamba walioacha kabisa walipoteza takriban asilimia 7 ya uwezo huo katika siku 21 za kwanza. Hata kabla ya maabara likizo ilipimwa: Ben Jipcho, mzaliwa wa Mlima Elgon, hakuwa mkimbiaji wa marathoni, lakini Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, alikotwaa dhahabu ya mita 5,000, dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji na shaba ya mita 1,500, ilianza tarehe 24 Januari 1974, na anayeshinda hivyo mwezi mmoja baada ya Krismasi lazima Krismasi yake ilipimwa na mtu, hata kama mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Siku hizi ratiba hutoka kwenye simu, imeandikwa na mtu asiyejua kama Agosti ina tofauti na Mei, na mkimbiaji aliyekosa wiki mbili hujaribu kuzilipa zote Septemba kwa kukimbia maradufu, mpaka kano ya kisigino inapokataa. Uwanja wa Masinde Muliro hapo Kanduyi ulikarabatiwa kwa sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024, na ni vyema, ingawa mwalimu wa kumwuliza kijana kwanza nyumbani kwao kuna shughuli gani, kabla ya kumpimia mizunguko, anazidi kuwa adimu. Khuminya nayo inafupishwa, kwani si ajabu sasa mwali wa tohara kupakiwa kwenye bodaboda pamoja na chinyimba zake, akafika kwa khocha na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hivyo hata mwalimu aliyebaki na ufundi wake, akitaka kuuhesabu mzunguko huo kuwa mbio ndefu za wiki, hapati kilomita za kuhesabu.