Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Kila kizazi cha Dar es Salaam hudai kwamba muziki ulikufa siku chenyewe kilipoanza kuota mvi. Wazee waliocheza na Dar es Salaam Jazz pale ukumbi wa Arnautoglu waliguna waliposikia bendi ya NUTA. Wa NUTA wakaguna Maquis walipoingia mjini na vyombo vyao. Wenye kanda za Sikinde hadi leo hawajaisamehe bongo fleva, na wa bongo fleva nao wameshaanza kunong'ona kwamba singeli ni kelele tupu. Mimi ni wa zama za Sikinde na Msondo, na sitajifanya sina upande. Ila nimechoshwa na sifa zetu za kivivu. "Ya kale dhahabu," tunasema, tunatikisa kichwa, basi. Ilichimbwa na nani, kwa zana gani? Hapo hakuna ajibuye.

Wataalamu wa saikolojia wana maelezo yao. Mtu mzima akiulizwa anayoyakumbuka maishani, mengi atakayoyataja yatatoka kati ya umri wa miaka 10 na 30, na nyimbo za kipindi hicho ndizo humrudia kwa nguvu zaidi. Ukiishia hapo utasema tunachokipenda ni ujana wetu, wimbo ni kisingizio. Lakini mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake walichapisha utafiti uliokitia kitumbua hicho mchanga. Vijana wa miaka kama 20 waliguswa na nyimbo za wakati wao, na tena wakaguswa na zile zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana.

Kariakoo hilo lilijulikana bila maabara. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, na karibu kila chumba kilikuwa na familia yake. Mpangaji wa chumba cha mbele akifungulia redio, aliyeko uani anachambua mchele alisikia, mtoto anayefukuza kuku alisikia, na mwenye nyumba asiyetaka hata kuitwa mpenzi wa dansi alisikia vilevile. Nyimbo zetu hatukuzichagua. Tuliambukizwa, tena na watu waliotuzidi umri.

Halafu kulikuwa na suala la kuzipata. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kimbilio la bendi likawa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Bendi iliingia na watu wake wote, ikapiga kwa mkupuo mmoja, fundi mitambo akanasa. Tepu ile ilibaki redioni. Nyingi ya nyimbo hizo huku mtaani hukuweza kuzinunua. Uingoje redio iupige wimbo wako, au ulipe kiingilio ukaufuate ukumbini.

Kwa hiyo wimbo ulikuja kwa saa yake, ukakukuta ulipo, ukang'ang'ania hapohapo. "Neema" ya Cosmas Chidumule ni wimbo wa mapenzi, lakini mimi unaniletea harufu ya mafuta ya taa, kwa kuwa ulinikuta kwenye foleni, kidumu mkononi, enzi zile sukari, sabuni na mafuta vilipotafutwa kwa tochi. Jirani yangu wa wakati ule huoanisha wimbo huohuo na harusi ya dada yake. Mtunzi hakutuwazia hata mmoja wetu. Alichofanya ni kuuunda wimbo wenye nafasi ya kutosha, kila mmoja akapata pa kuweka chake.

Uundaji huo ndio ninaotaka kuusifu. Santuri ndogo ilibeba dakika chache kila upande, na wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Tepu ya redio haikuwa na haraka hiyo, wala ukumbi haukuwa nayo. Wimbo ulianza taratibu: gitaa la solo likitangulia, second solo ikilijibu, rithim ikishona katikati, besi ikitembea chini. Waimbaji walipokezana kisa, mara barua kutoka nyumbani, mara shauri la ndoa, mara mtu aliyepotelea mjini. Maneno yalitamkwa kwa uwazi, maana mtunzi alijua msikilizaji hana namna ya kuurudisha nyuma. Akikosa neno leo, atalingoja hadi redio itakapomkumbuka tena. Kila ubeti ulipokwisha, saksafoni na tarumbeta ziliingia kukupa muda wa kulimeza ulilosikia.

Kisha, ndani ya wimbo huohuo, muziki ulichemka. Maneno yalipungua, solo ikashika usukani, tumba zikapanda. Hapo sikiliza besi. Besi ya dansi haiifuati ngoma kikondoo. Inapiga, inanyamaza, halafu inaingia pale mguu wako ulipokuwa unaingojea. Sehemu ya kwanza ilimshika msikilizaji kwa kisa, ya pili ikamshika kwa mwili, na jambo lililoshikwa kwa njia mbili si rahisi kulisahau.

Ufundi huo ulikuwa na mazingira yake. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alikuwa mfanyakazi wa mshahara. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulinunua muda wa mazoezi. Wimbo mpya ulipelekwa ukumbi wa DDC Kariakoo mbele ya watu waliolipa, na watu hao hawakuwa na huruma: wakirudi vitini, bendi ilijua kuna kazi ya kufanya upya kabla ya kwenda studio.

Leo nyumba za Kiswahili zinatoweka. Zimeota ghorofa zenye fremu chini na stoo juu. Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Mtaa wa Congo vipaza sauti vya machinga vinarudia bei kutwa nzima, na kijana wa mkokoteni anapita na spika yake ndogo, singeli inakwenda mbio kuliko magurudumu. Simbezi. Walioitengeneza singeli kule Manzese na Tandale nao ni mafundi. Tofauti ni kwamba kijana huyo wimbo wake anauita mwenyewe, wakati wowote, popote, kwa hiyo hautafungamana na mahali kama wangu. Nadhani utafungamana na mtu. Akiusikia uzeeni atamkumbuka aliyemrushia kwenye simu.

Basi tunaojiita wapenzi wa zilipendwa tuna deni. Tuwataje mafundi. Muhidin Gurumo aliimba tangu NUTA ya 1964, akapita Mlimani Park, akarudi Msondo, akastaafu mwaka 2013 na kufariki mwaka uliofuata. Michael Enoch, King Enoch, alikuwa mpiga gitaa hodari wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kupuliza saksafoni Mlimani Park, ambako alikuwa mwalimu wa wengi. Sauti nyembamba ile ya Sikinde ni ya Hassan Bitchuka. Solo ya Msondo ni ya Saidi Mabera, besi ni ya Suleiman Mwanyiro. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alizaliwa hapahapa Kariakoo mwaka 1955. Anayesema muziki wa zamani ulikuwa mtamu naye hajui ni nani aliyepiga gitaa, huyo bado hajausifu muziki. Amejisifia ujana wake.