Kioo Kisemacho Kweli

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humfaa sana aendaye dukani kutafuta skrini ya kompyuta ya kutazamia picha za wachoraji. Skrini za dukani mara nyingi huwashwa kwa mwangaza mkali na rangi zilizokolezwa, ili kila moja imvute mteja. Yenye kuvutia macho si lazima iwe yenye kusema kweli.

Tuchukue picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ing'aayo juu ya mbao za hadibodi. Rangi zake ni kali, lakini ukali huo una kipimo chake. Skrini ikiuzidisha, mtazamaji aliye mbali atasema mchoraji hana kiasi. Na akiinunua picha, atadhani ameletewa nyingine. Lawama humfika mchoraji, ilhali kosa ni la kioo.

Basi mnunuzi aangalie nini? Kwanza, aina ya kioo. Vioo vya TN hubadilika rangi mtu akisogea kando. Vya IPS hutulia zaidi. Pili, upana wa rangi. Kipimo cha sRGB, kilichobuniwa mwaka 1996, hutosha kwa picha nyingi za kwenye intaneti. Adobe RGB ya mwaka 1998 huongeza hasa rangi za kijani, na humfaa atayarishaye picha za kuchapwa. Lakini upana si usahihi: picha ya sRGB ikifunguliwa kwenye kioo kipana, bila programu ya kuzilinganisha rangi, hutoka imekolea kupita kiasi. Tatu, urekebishaji. Weupe uwe wa kelvini 6500, mwangaza ushushwe hadi kandela 100 hivi kwa mita ya mraba, kisha rangi zipimwe kwa kifaa maalumu kinachowekwa juu ya kioo. Kazi hiyo irudiwe mara kwa mara, kwani taa za ndani huchakaa.

Hata hivyo, hakuna kioo kiwezacho kuonyesha jinsi rangi ya mafuta inavyometa mtu apitapo mbele ya picha. Ndiyo maana siikubali hukumu ya mhakiki aliyeitazama kazi kwenye skrini tu. Kioo chema ni shahidi mwaminifu, asiyeongeza wala kupunguza. Lakini shahidi si mwenye jambo.