Maji ya Shapiro

Ascher Shapiro, mhandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha mwaka 1962 jaribio ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa kungoja. Alijaza maji kwenye tangi la duara, akalifunika, akayaacha saa 24 kabla ya kuyafungulia.

Alilotaka kulijua sote tumelisikia: eti kaskazini ya Ikweta maji yanayotoka kwenye sinki huzunguka kinyume na mishale ya saa, na kusini huifuata. Pale Nanyuki, Kenya, watalii huonyeshwa jambo hilo kwa chombo kilichotobolewa na njiti ya kiberiti. Hatua chache upande huu njiti inazunguka hivi, upande ule vile, na kwenye mstari wenyewe inatulia. Anayeonyesha ana ustadi wake, sikatai, ila uko mkononi, katika kumimina maji na kugeuza mwili. Dunia huzunguka mara moja tu kwa siku, na hapo Ikweta nguvu yake ya kuyapinda maji ya chombo kile ni kama haipo. Hata kwenye sinki la London, jinsi bomba lilivyomwaga maji huishinda kwa mbali.

Shapiro aliviondoa vyanzo vya namna hiyo vya mzunguko kimoja kimoja. Tangi lake lilikuwa na upana wa mita 1.8 hivi, kina cha sentimita 15, na tundu la kama sentimita moja katikati. Alilifunika kwa plastiki ili hewa isiyaguse maji, akadhibiti joto la chumba, maana joto lisipolingana maji hutembea yenyewe. Kizibo hakukiweka kwenye tundu, kwa kuwa mkono ukiingia kukichomoa umeshayakoroga. Alikiweka kwenye ncha ya mpira mrefu uliotoka chini ya tangi.

Kinachonivutia zaidi ni ujazaji wenyewe. Kwa makusudi aliyazungusha maji kufuata mishale ya saa, kinyume cha alichotarajia kukiona. Akingoja saa moja au mbili tu, yalitoka yakizunguka vilevile yalivyoingia. Akingoja siku nzima, mambo yalibadilika. Juu ya tundu aliweka vijiti viwili vya mbao vinavyoelea, vilivyopandana kama alama ya kujumlisha. Tangi lilichukua dakika 20 hivi kwisha, na kwa dakika 12 za mwanzo vijiti havikuonyesha kitu. (Mwenye haraka angeandika “hakuna” akaenda kunywa chai.) Kisha vikaanza kujigeuza, polepole mno, kinyume na mishale ya saa; kuelekea mwisho vilimaliza mzunguko kwa sekunde tatu au nne.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi, maana huenda mzunguko huo ulitokana na kasoro ya tangi lake. Mwaka 1965 watafiti watano wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitengeneza lao, wakayatuliza maji saa 18 na zaidi, wakafungulia. Yakazunguka kufuata mishale ya saa.