Nani alisema ‘Snow White’ ni ya watoto?

Mtu akitaja katuni, wengi wetu humfikiria mtoto aliyejilaza zuliani mbele ya runinga, huku mzazi akishukuru kwa hiyo saa moja ya utulivu. Dhana hii imekita mizizi hata vyuoni. Mwanafunzi anayependekeza kuandika tasnifu kuhusu filamu ya katuni hutazamwa kwa jicho la huruma, na akiongeza kwamba filamu yenyewe inatokana na ngano, huambiwa akatafute mada nzito.

Leo ningependa tuidadisi dhana hiyo kwa kuitazama filamu moja tu: Snow White and the Seven Dwarfs ya Walt Disney, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carthay Circle, Los Angeles, Desemba 21, 1937. Waliokuja jioni hiyo walikuwa watu wazima waliovalia mavazi ya sherehe, wakiwemo Charlie Chaplin na Marlene Dietrich. Inasimuliwa kwamba wengi wao walitoa machozi. Walilizwa na michoro!

Hoja yangu ni kwamba filamu hii ilikusudiwa hadhira ya rika zote, mkubwa akiwa wa kwanza kufikiriwa. Tusipolizingatia hilo tutaisifu kwa sababu zisizo zake na kuilaumu kwa makosa yasiyo yake.

Wanafunzi wangu wa fasihi simulizi, wakishaijua ngano ya Grimm, hukimbilia kusema kwamba Disney aliiharibu “hadithi asilia”. Mimi huwauliza: asilia ipi? Katika toleo la kwanza la ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, la mwaka 1812, malkia anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Ndiyo, mama aliyemzaa. Ni katika toleo la 1819 ambapo mama huyo anakufa wakati wa kujifungua na nafasi yake ikachukuliwa na mama wa kambo. Kitabu kilikuwa kimeanza kama kazi ya kitaaluma, kikiwa na maelezo ya kina ya wasomi, lakini wanunuzi walikitaka kwa ajili ya watoto wao na wakalalamika. Wilhelm akakaa chini, akahariri, na akaendelea kuhariri hadi toleo la saba la 1857. Mama mzazi hawezi kumla mwanawe katika nyumba ya watu wenye heshima zao. Wa kambo anaweza. (Ngano zetu nazo zimemtwika mama wa kambo mzigo huohuo, maskini.)

Kwa hiyo hadithi ilikuwa imekwisha kubadilishwa kwa ajili ya hadhira yake zaidi ya miaka mia moja kabla Disney hajaigusa. Hiyo ndiyo kawaida ya ngano. Fanani huangalia nyuso zilizo mbele yake, akapunguza hapa na kuongeza pale.

Na Disney alianza kazi hii kama fanani hasa. Jioni moja mwaka 1934 aliwakusanya wachoraji wake katika ukumbi wa studio akawasimulia hadithi yote, peke yake, kwa muda wa saa kadhaa. Hakuisoma. Aliiigiza: akawa binti, akawa malkia, akawa kila mmoja wa wale vibete. Baadhi ya waliokuwapo walikuja kusema baadaye kwamba utendaji wa usiku ule ndio uliowaongoza kwa miaka mitatu iliyofuata. Mimi nikisoma habari hiyo sioni mwenye kiwanda cha picha; naona msimulizi na hadhira yake, ila hadhira hii ilikuwa na penseli.

Nimetumia neno vibete kwa shingo upande, na hapa naomba tusimame kidogo. Watafsiri wetu hupenda kuandika “mbilikimo saba”. Neno mbilikimo lina watu wake. Kwa muda mrefu limetumiwa kuwataja wawindaji wa misitu ya Kongo, na hao ni binadamu wenye lugha zao, nyimbo zao na makwao. Kiumbe wa Kijerumani aitwaye Zwerg ni wa visaasili. Anakaa milimani akichimba madini na hana ukoo na mtu yeyote. Ukimwita mbilikimo umemhamishia Kongo bila ruhusa, na Wakongo umewafanya viumbe vya hadithini. Kibete nalo si neno la heshima kwa mtu mfupi, nakubali, lakini angalau halilengi jamii fulani. Mwenye neno bora aniandikie.

Neno jingine linanifurahisha zaidi. Kile ambacho mtaani tunakiita katuni, wataalamu wetu wamekiita uhuishaji, kutokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde moja, na Snow White ina dakika 83. Piga hesabu: ni fremu zaidi ya 119,000. Hata ukikumbuka kwamba mchoro mmoja mara nyingi hupigwa picha mara mbili, bado ni kazi ya kutisha. Kila mchoro ulitiwa wino na rangi kwa mkono juu ya ukurasa mwangavu wa seluloidi.

Haikuwa filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji duniani, ingawa husemwa hivyo. Ujerumani, Lotte Reiniger alikuwa amekamilisha mwaka 1926 filamu yake ya Mwanamfalme Achmed kwa kukata vivuli vya karatasi, na hadithi zake alizitoa katika Alfu Lela Ulela, ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua vizuri. Jipya la Disney lilikuwa kuunganisha urefu huo na rangi, sauti, nyimbo na michoro ya mkono, kisha kuwataka watu wazima walipie tiketi kama walipiavyo filamu nyingine yoyote.

Wengi Hollywood walicheka. Katuni wakati huo ilikuwa kitu cha dakika saba au nane, cha kuchangamsha watu kabla ya filamu yenyewe. Nani atakaa saa nzima na ushei akitazama michoro? Wakaiita upumbavu wa Disney. Bajeti iliyoanza kwa dola 250,000 ilifura hadi kukaribia dola milioni 1.5, na ikabidi benki ionyeshwe kazi ambayo haijakamilika ndipo ikubali kutoa mkopo zaidi.

Hofu hiyo ya kumchosha mtu mzima ndiyo iliyoiumba filamu. Chukua wale vibete. Kwa Grimm ni saba tu, hawana majina wala tabia. Studio iliandika orodha ndefu ya majina, ikachuja, ikabaki na Doc, Grumpy, Happy, Sleepy, Bashful, Sneezy na Dopey. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atakwambia mara moja kwamba hayo ni majazi: mnunaji, mchangamfu, mwenye usingizi, mwenye haya, mpiga chafya. Lakini majazi ya kawaida humfunga mhusika. Hapa Grumpy, anayenuna na kuwasema wanawake vibaya tangu binti anapoingia nyumbani, ndiye anayegeuka na kuficha uso akilia mbele ya maiti. Jina limewekwa ili lije kukanushwa. Mtoto anaweza kumcheka Grumpy. Lakini kuelewa kwa nini analia peke yake kunahitaji mtu aliyewahi kukataa kukiri kwamba anampenda mtu.

Onyesho hilo la maombolezo, lililohuishwa na Frank Thomas, ndilo bora kuliko yote kwa maoni yangu. Katuni iliyozoea kukimbia na kupigana vikumbo inasimama. Hakuna kichekesho. Nyuso hazisogei sana, chozi linashuka polepole. Mhuishaji mwingine, Ward Kimball, alikuwa amefanya kazi kwa miezi mingi kwenye onyesho la vibete wakinywa supu kwa kelele, likachekesha kila mtu studioni, kisha likakatwa lote kwa sababu lilichelewesha hadithi. Kimball nusura aache kazi. Alikuwa na haki ya kukasirika, na aliyelikata alikuwa na haki ya kulikata.

Upande wa vitisho filamu haikumhurumia mtu. Wachoraji walionyeshwa filamu za kutisha za Ujerumani, na ukitazama malkia anavyojigeuza ajuza utaona vivuli vilitoka wapi. Inasemekana Lucille La Verne, aliyetoa sauti ya malkia na ya ajuza, alivua meno yake bandia ili apate ile sauti ya pili. Uingereza nayo iliichukulia kwa uzito: bodi ya kukagua filamu iliipa cheti cha A, maana yake mtoto aliye chini ya miaka 16 asiingie bila mtu mzima. Mabaraza kadhaa ya miji yalikataa uamuzi huo na kuwafungulia watoto mlango. Hata wakati huo basi, watu hawakukubaliana filamu hii ni ya nani.

Ukali wa Grimm, lakini, ulipunguzwa. Kwao malkia anakula mapafu na ini akidhani ni ya binti, kumbe ni ya nguruwe mwitu. Anamjia mara tatu: kwa ukanda wa kumbana, kwa chanuo lenye sumu, kisha kwa tufaha. Mwishowe anavishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto na kucheza hadi anakufa, arusini. Filamu inadai moyo ndani ya kasha, inabakiza tufaha peke yake, na malkia anaporomoka gengeni kwa radi huku tai wakimshukia, hatuoni zaidi. Adhabu inatolewa na mbingu, si na bibi arusi. Hapa nadhani Disney aliogopa kuliko ilivyofaa.

Kasoro kubwa iko kwingine. Kwa Grimm, binti anapoingia katika ile nyumba anaikuta safi, kila kitu mahali pake. Vibete wanampa masharti: ukitupikia, ukifua na kushona, utakaa. Ni mapatano. Katika filamu nyumba ni chafu kupindukia, na binti anaanza kufagia kabla hajajua ni ya nani, kisha anajitolea kuwatunza ili wamkubali. Kazi iliyokuwa kodi ya nyumba imekuwa tabia ya mwanamke. Badiliko hili halikuwahusu watoto hata kidogo. Lilizungumza na waume na wake wa Marekani ya miaka ya thelathini, nalo ndilo linalostahili lawama kuliko busu linalolalamikiwa kila siku.

Busu lenyewe ni la kuazima, kutoka ngano ya mrembo aliyelala. Kwa Grimm watumishi wa mwanamfalme wanajikwaa wakibeba jeneza, na kipande cha tufaha kinamtoka binti kooni. Huyo mwanamfalme alikusudiwa kupewa nafasi kubwa zaidi, ila wahuishaji walishindwa kumchora mwanamume wa kawaida akatembea kama mtu. Wakamkata. Anatokea mwanzoni, anatokea mwishoni, na katikati hatumkumbuki. Binti aliwawia rahisi kidogo kwa sababu walikuwa na mfano hai: msichana mcheza dansi, Marjorie Belcher, alipigwa picha akicheza na kutembea, nao wakaifuata miondoko yake.

Filamu ilivunja rekodi ya mapato ya filamu za sauti za Marekani, hadi Gone with the Wind ilipokuja kuipiku. Kampuni ikajenga studio mpya Burbank. Ikawa ya watoto baadaye, kidogo kidogo. Kuanzia 1944 ilirudishwa kumbini kila baada ya miaka kadhaa, na kila mara wazazi walioiona wakiwa wadogo wakawaleta wana wao. Vikaja vitabu, wanasesere na runinga. Mtoto aliyekuwa amesindikizwa akawa ndiye mgeni rasmi. Fanani naye akawa mwenye mali: ngano isiyokuwa na mwenyewe ikapata sura moja inayolindwa na sheria. Tuliolalamika mwaka 2018 kwamba kampuni hiyo imesajili “hakuna matata” kwa ajili ya fulana tulikuwa tumechelewa kuiona tabia hiyo.

Na wale wenye penseli? Wanawake wa idara ya wino na rangi walifanya kazi usiku na mchana ili filamu iwahi tarehe yake, katika studio iliyokuwa ikiwajibu wanawake walioomba kazi ya uchoraji kwamba ubunifu ni wa vijana wa kiume. Mwaka 1941 wafanyakazi waligoma kwa wiki kadhaa, wakidai malipo ya haki na majina yao yatambuliwe. Kiongozi wao mmojawapo alikuwa Art Babbitt, aliyemhuisha malkia.

Adriana Caselotti, aliyeimba na kusema kama Snow White, alilipwa dola 970. Jina lake halimo katika orodha ya majina inayoonyeshwa mwanzoni mwa filamu. Hakuna mtoa sauti hata mmoja aliyetajwa humo. Kampuni ilimpa tuzo yake ya heshima mwaka 1994, miaka 57 baada ya usiku ule wa Carthay Circle.