"Malkia" Jukwaani: Neno Moja, Vyeo Viwili

Mwalimu wa Nyalikungu, Wilayani Maswa, atakaye kuwachezesha wanafunzi wake tamthilia ya Shakespeare iitwayo Makbeth, iliyotafsiriwa na S. S. Mushi mwaka 1968, hana budi kulipima neno ambalo wengi wetu hulipita bila kulihoji: malkia. Kiswahili humwita malkia mwanamke atawalaye, na humwita malkia pia mke wa mfalme. Katika mazungumzo ya kawaida upana huo hauna madhara. Katika tamthilia ya kihistoria waweza kuficha kiini cha msiba.

Tuutazame mchezo wenyewe. Mke wa Makbeth ndiye amchocheaye mumewe amwue Mfalme Duncan. Lakini mumewe akishavikwa taji, nguvu za mwanamke huyu zaanza kupungua. Kuuawa kwa Banquo hupangwa pasipo shauri lake. Karamuni kazi iliyomsalia ni kuwatuliza wageni na kuwaaga. Hatimaye twamwona akitembea usingizini, akiisugua mikono isiyo na damu. Hapinduliwi na mtu, kwa kuwa hakuwahi kushika enzi. Mamlaka yake yote yalikuwa katika sikio la mumewe, na sikio hilo lilipozibwa hakubakiwa na kitu. Mtazamaji aliyedhani kwamba malkia huyu ni mtawala atastaajabu kwa nini haamui lolote.

Mtazamaji wa Usukumani anayo maneno mawili. Ntemi ni mwenye enzi. Ngole ni mke mkuu wa ntemi. Mke wa Makbeth, basi, ni ngole. Tumlinganishe na Nyaso wa Unyanyembe. Mtemi Isike alipokufa Januari 1893, Wajerumani walipoiteka ngome yake ya Tabora, Nyaso ndiye aliyeushika utemi, chini ya wageni wenye silaha. Mwandishi wa tamthilia juu ya enzi hiyo ya taabu akimwita "malkia" tu, msomaji atamtafuta mume aliyempa cheo. Nyaso alikuwa mtemi, na neno hilo halibagui mume wala mke.

Wako watakaosema kwamba malkia limekwisha zoeleka kwa maana ya mtawala. Ni kweli: toka tarehe 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1962 mkuu wa dola ya Tanganyika alikuwa Malkia Elizabeth II, aliyetawala kwa haki yake mwenyewe, na mumewe hakuitwa mfalme. Hatupendekezi neno lifutwe. Twapendekeza mfasiri ajiulize kwanza: enzi ni yake, au ni ya mumewe? Ikiwa ni yake, aandike malkia, au mtemi kwa nchi za watemi. Ikiwa ni ya mumewe, aandike mke wa mfalme. Hapo mwanafunzi wa Nyalikungu atajua, kabla pazia halijafunguliwa, ni nani awezaye kuamuru na ni nani awezaye kusihi tu.