Ngoma ya Dakika Tano

Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, nenda hadi Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, pale kazi za kaunti zimeorodheshwa. Namba nne ndiyo ya utamaduni. Kama ulitarajia ngoma na hadithi, subiri kidogo. Orodha inaanza na kamari na kasino, inapita kwa mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema na ukodishaji wa video, ndipo inafika kwa maktaba, makumbusho, michezo na shughuli za kitamaduni. Sisemi walioandika walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba nikikaa hapa Mwatate na kutazama, naona ni kama orodha ile imetekelezwa kwa mpangilio uleule: baa kwanza, maktaba baadaye.

Maoni yangu ni kwamba kaunti kama yetu inahitaji wakfu wa sanaa na urithi: pesa ya umma, bodi yake yenyewe, ofisi yenye mlango. Lakini kabla ya kuomba kipya, tuhakiki tulicho nacho. Nacho ni sanaa ya aina yake, na wote tunaijua.

Mgeni wa heshima amechelewa saa tatu. Kuna mahema, viti vya plastiki, spika inakoroma. MC anasema, "Sasa tupate burudani." Akina mama waliovaa leso zinazofanana wanaingia, ngoma inalia, mgeni anainuka na kutikisa mabega mbele ya kamera. Noti mbili tatu zinatolewa. Halafu MC tena: "Asanteni sana mama zetu, muda hautoshi." Dakika tano zimeisha. Hotuba inayofuata itachukua saa nzima.

Wachezaji hawana kosa. Wengi wao ni hodari kuliko jukwaa walilopewa. Tatizo ni dakika tano zenyewe, na kile zinachokata.

Chukua Mwazindika, ngoma ya pepo ya Wadawida. Haikutungwa ijaze pengo kati ya hotuba mbili. Ni ngoma ya uponyaji, inaanza polepole na haimalizwi na saa ya mtu. Sasa weka kando yake jambo lingine. Mwanaanthropolojia Grace Harris alifanya utafiti huku Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 akachapisha makala kuhusu saka, hali iliyowashika wanawake walioolewa. Mwanamke alitetemeka, akapoteza fahamu. Tiba yake ilikuwa kupewa kile anachotamani, au kuchezewa ngoma hadharani. Harris aliona hali hiyo haijatoka hewani: wanaume ndio walienda kazi za mshahara na kushika pesa, wanawake wakabaki na shamba.

Makala hiyo niliisoma mwaka ambao niliacha chuo, na ndiyo kitu cha maana zaidi nilichotoka nacho. Nilivyoielewa mimi, huku kwetu kulikuwa na ngoma ambayo mwanamke aliitumia kudai. Alidai mbele ya kijiji kizima, na aliyeshika pesa alilazimika kusikia. Leo wajukuu zake wanacheza ili aliyeshika pesa astarehe akingoja kuhutubia. Hapo ndipo dakika tano zinauma. Ngoma bado ipo, leso zipo, dai limeondolewa.

Kuna siku niliingia ofisi moja, haina haja niitaje. Nilitaka usaidizi mdogo tu: nauli, chai na rekoda, nirekodi nyimbo za nyanya wachache kijijini pamoja na maneno ya Kidawida ambayo sisi vijana hatuyajui tena. Mzee mmoja mpole akaniuliza, "Kijana, kikundi chenu kiko na yunifomu?" Nikamwambia sina kikundi. "Basi mtatumbuiza vipi?" Hakuwa ananidharau. Alikuwa na fomu mbele yake, na fomu hiyo iliuliza mtacheza wapi na lini. Hakuna mahali iliuliza mtasikiliza nani.

Na bado si ati sheria haipo. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Semi za Kitamaduni. Inaipa kila serikali ya kaunti jukumu la kuanzisha na kutunza rejista ya maarifa na sanaa za jamii zake. Kifungu cha 11 cha Katiba nacho kinataka jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao ukitumiwa. Ukiuliza rejista ina faida gani, kumbuka "Malaika". Fadhili William Mdawida, mwana wa Taita aliyefariki 2001, aliirekodi na kuitangaza. Miriam Makeba akaiimba, Boney M wakaiimba, dunia nzima ikaijua. Na mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni yeye au ni Adam Salim wa Tanzania. Huo ni wimbo wa mapenzi wa juzi tu. Wimbo wa nyanya ambao haujarekodiwa hata mara moja, nani atabishana kuhusu mtunzi wake?

Urithi wetu mwingine tayari umeorodheshwa vizuri, sema orodha iko mbali. Simba wawili wa Tsavo wako Chicago, kwenye jumba la Field Museum, tangu miaka ya 1920. Hao wana umaarufu wao. Lakini wazee wa Taita walikuwa wakihifadhi mafuvu ya wahenga mapangoni, mahali pa heshima. Mwaka 1931 jarida la Biometrika lilichapisha vipimo vya mafuvu kutoka Kenya, ya Wataita yakiwemo. Baadaye William Howells wa Harvard akayaingiza mafuvu 83 ya "Teita" yaliyoko Cambridge kwenye takwimu zake za vichwa vya binadamu, na watafiti wanazitumia hadi sasa. Yaani kuna mtu maabara, nchi ya mbali, anayejua upana wa paji la uso la babu zetu kwa milimita. Barua ya kuuliza habari zao itoke ofisi gani? Kikundi cha burudani hakiandiki barua.

Wakfu ungeandika. Mwaka 2004 serikali ya jiji la Seoul, Korea Kusini, ilianzisha Wakfu wa Sanaa na Utamaduni wa Seoul. Mwaka 2009 kikafunguliwa kijiji cha waandishi cha Yeonhui, mahali ambapo mwandishi anapewa chumba akae aandike. Hebu fikiria: pesa ya jiji inalipia mtu akae kimya chumbani. Najua Mwatate si Seoul. Lakini chumba ni chumba, hata kikiwa cha mabati kando ya barabara ya Wundanyi.

Utaniambia watu wanataka maji kwanza. Kweli, hata mimi nabeba mitungi. Lakini pesa ya mahema na spika hutoka hapohapo penye shida ya maji, na sijasikia mtu akiisimamisha kwa sababu hiyo.

Pingamizi ninaloliogopa ni lingine. Serikali ikilipia ngoma, si itachagua wimbo? Kamirithu inatufundisha. Mwaka 1977 wanakijiji wa huko Limuru waliigiza "Ngaahika Ndeenda" ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na 1982 serikali ikabomoa ukumbi wenyewe. Kwa hivyo sitaki idara nyingine chini ya mwanasiasa. Nataka bodi ambayo gavana haiwezi kuifuta akiudhika, vigezo vya ruzuku vibandikwe ukutani, majina ya waliopewa yasomwe hadharani, na sehemu ya pesa iende kwa kazi isiyo na jukwaa: kurekodi, kutafsiri, kuandika.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi washirikishwe. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu, na vijana ndio tunakosekana zaidi. Wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu ya Voi, enda. Uliza mambo matatu: mstari wa utamaduni una shilingi ngapi, ngapi kati ya hizo ni mahema, na rejista ya 2016 iko kwa kabati gani. Uliza kwa Kidawida kama unakijua. Wakikuambia muda hautoshi, uliza tena.