Bima ya Dhima: Nani Analindwa?

Katika semina za wafanyabiashara husemwa mara kwa mara kwamba bima ya dhima kwa umma ni kinga ya mwananchi. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikirudiwa sana huziba njia ya kuufikia ukweli wote. Ni wajibu wetu, makada na wanafunzi wa siasa, kuichambua hati yenyewe kabla ya kuisifu.

Tuchukue mfano wa kuwaza hapa Nangara, mjini Babati. Mkulima ameleta mbaazi zake kuuza. Anapopita mbele ya duka, bango linaanguka na kumvunja mguu. Msimu wake wa kilimo umekwisha. Mwenye duka ana bima ya dhima. Je, mkulima atalipwa? Jibu ni kwamba si lazima.

Bima hii hailipi kwa sababu mtu ameumia. Hulipa kwa sababu mwenye biashara amewajibika kisheria kwa kuumia kwake. Kwa hiyo hapana budi kwanza ionekane kwamba bango lilifungwa kwa uzembe, ama kwa makubaliano, ama kwa hukumu ya mahakama. Hapo ndipo kampuni hulipa fidia, pamoja na gharama za wakili wa mwenye duka. Hata hivyo haivuki kikomo kilichoandikwa, na kwa kawaida kuna kikomo cha tukio moja na kingine cha mwaka mzima. Sehemu ya kwanza ya hasara mara nyingi hubebwa na mwenye duka mwenyewe.

Tena yako mambo yaliyotengwa. Mali ya mwenye duka haimo. Hiyo ina bima yake. Madhara ya kukusudia hayamo. Ajali za barabarani zina bima ya vyombo vya moto. Mfanyakazi aliyeumia kazini huelekezwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwenye duka asiyesoma orodha hii hulipa ada kila mwaka akidhani amekingwa na kila balaa, kumbe amekingwa na baadhi tu.

Sasa tuitazame migongano iliyomo. Mgongano wa kwanza ni kwamba mkataba una pande mbili, kampuni na mwenye biashara, lakini anayeumia ni mtu wa tatu. Hakuujadili, hakuutia sahihi, na mara nyingi hajui kama upo. Kinachokingwa kwanza ni mfuko wa mwenye mali. Mkulima hufaidika baadaye, kwa kupitia mfuko huo. Katika bima ya magari sheria iliingilia kati. Sura ya 169 inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, na inaitaka kampuni imlipe aliyeshinda kesi. Duka la kawaida halina sharti la namna hiyo.

Mgongano wa pili unagusa utu. Kwa desturi zetu, ukimuumiza mwenzako unakwenda kwake na wazee, unatoa pole, mnapatana. Hati za bima kwa kawaida humkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Sharti hilo lina sababu, maana bila hilo watu wawili wangeweza kula njama na kugawana fedha. Lakini likifuatwa kwa woga linamfanya jirani amkimbie jirani. Pole na kumpeleka majeruhi hospitali si kukiri kosa. Jambo la kufanya ni kumhudumia mtu, kisha kuiarifu kampuni mara moja.

Mgongano wa tatu tuliuona Dar es Salaam. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini. Serikali ilitangaza kwamba itagharimia matibabu na mazishi. Hatutaji hapa aliyekosea. Tunasema kwamba faida ya majengo ni ya watu binafsi, lakini hatari ilipotimia gharama ilibebwa pia na umma. Tayari Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilikuwa imeingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika bima za lazima. Hiyo ni hatua, lakini kuukatia bima ukuta si sawa na kumkatia bima apitaye chini ya ukuta.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni umiliki. Historia inatufundisha kuwa waangalifu. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shughuli za bima zikawekwa chini yake hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Kutaifisha kulizuia ada za wananchi zisiwe faida ya wageni, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kubadili mwenye kampuni si kubadili muundo wa mkataba. Mtu wa tatu anaweza kubaki nje ya mlango, awe mwenye nyumba ni bepari au ni umma.

Kwa hiyo madai yetu ni matatu. Hati iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenye duka wa Nangara atakielewa. Biashara zinazopokea umma zilazimishwe kuwa na bima ya dhima, na aliyeumia apewe haki ya kuidai kampuni moja kwa moja. Tatu, makada wawafundishe wananchi kwamba dai la uzembe lina muda: Sheria ya Ukomo wa mwaka 1971 inatoa miaka mitatu. Mkulima anayeuguza mguu huku akingoja huruma anaweza kupona na kukuta haki yake imekwisha muda.